Udaktari Bado, Mchango wa Udaktari Tayari

Kadi ya mchango nimekabidhiwa sebuleni kwa mama, Tabata Segerea, kabla hata sijafungua begi. Kadi nzuri, ina riboni na picha ya maharusi. Juu wameandika "Dkt." halafu jina langu. Chini, kwenye mstari wa kiasi ambao kwa kawaida mtu hujaza mwenyewe, nimeshajaziwa: laki tano. Nikachungulia orodha ya kamati. Binamu yangu mwalimu wa sekondari yuko laki moja, dabo.

"Shikamoo Ba'mdogo. Hii Dkt. mmeitoa wapi?"

"Marahaba Dokta. Si ulishatetea? Picha tuliona kwenye grupu, umevaa kofia."

"Nimetetea, ndiyo. Cheti bado. Na kwa sheria za Ujerumani nilikosomea, bila cheti siruhusiwi kujiita."

"Basi Dkt. tunaifuta. Laki tano inabaki."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Shangazi akaongeza kuwa polisi wa Kijerumani hawafiki Segerea, barabara yenyewe wataikimbia. Nimecheka nao, lakini nimekereka, na kwa kuwa siwezi kumweleza kila mjumbe wa kamati mmoja mmoja, naandika hapa. Itawafaa pia wadogo zangu mnaonijazia inboksi mkiuliza kama udaktari, yaani PhD, Ujerumani ni bure kweli.

Kwanza hilo la jina. Kifungu cha 132a cha sheria yao ya adhabu kinasema anayetumia cheo cha kitaaluma ambacho hana haki nacho anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini. Huku kwetu mtu akipewa udaktari wa heshima Jumamosi, Jumatatu kibao cha mlangoni kimeshabadilishwa. Kule unatetea, unafaulu, profesa anakupa mkono, mnakunywa shampeni kwenye vikombe vya plastiki, halafu unarudi kuwa Bi. Fulani vilevile mpaka tasnifu ichapishwe, nakala zifike maktaba, na kitivo kikupe cheti. Kuna vyuo vinavyotoa ruhusa ya muda. Changu hakimo.

Sasa hiyo "bure". Ni kweli vyuo vya serikali havitozi ada ya masomo ya udaktari. Hata jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, limewaachia wa udaktari. Unacholipa ni mchango wa muhula, kwa vyuo vingi mia na ushee hadi mia tatu na kitu, na mara nyingi humo humo mna tiketi ya mabasi na treni. Mpaka hapo ni raha. Ila ukienda ubalozini, pale Umoja House, kama huna mkataba wa kazi wala ufadhili wataomba wauone mfuko wako: yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unayoruhusiwa kuchota 992 kila mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo. Ni zaidi ya milioni thelathini, kiwanja Chanika na msingi juu yake. Anayekwambia "nenda tu, utajipanga huko huko" muulize yeye alijipanga na nini.

Kingine ambacho wengi hamkijui ni kwamba kuna milango miwili. Profesa akikujibu barua pepe kwamba mada yako imempendeza, hujaingia popote. Kwanza kamati ya udaktari ya kitivo ikukubali kama mtahiniwa, ndipo chuo kikusajili kama mwanafunzi, na hizo ni ofisi mbili ambazo hazisalimiani. Kamati inaipekua shahada yako ya masta: chuo ulichosoma wanakitafuta kwenye hifadhidata yao inayoitwa anabin, waone kimewekewa alama gani, na wakitilia shaka wanaweza kukuongezea mitihani kabla ya kukupokea. Baada ya hapo unasaini makubaliano na msimamizi, nani atafanya nini na mtaonana kila baada ya muda gani. Hiyo karatasi isomeni. Siku msimamizi akipotea miezi, ndiyo itakayokutetea.

Mimi nilifika na nakala zangu zimegongwa mhuri na wakili wa Kisutu, mhuri mwekundu wenye saini ya mbwembwe. Mama wa ofisi ya kitivo, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo, akaitazama ile mihuri, akanirudishia bahasha na kusema anataka kuona vyeti halisi kwa macho yake. Ninavyo? Ninavyo, nilivibeba kwenye mkoba wa mkononi. Bebeni vyeti halisi, kuanzia vya Baraza la Mitihani, NECTA, na msivitie kwenye begi la kupakia. Tena yanyoosheni majina mkiwa bado Dar. Kama kidato cha nne una majina mawili, pasi ya kusafiria ina matatu, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kina herufi iliyozidi, malizana nayo hapa kwa kiapo. Kule kila karani atakuuliza upya kama hawa ni watu wawili au mmoja.

Wiki za mwanzo ni barua. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie nyumba unatakiwa ujiandikishe manispaa, na karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Bila usajili huo namba ya kodi haiji, benki wanakuzungusha, na ofisi ya wageni, wanaotoa kibali cha ukaazi, haikugusi. Kisha bima ya afya, na hapa ndipo nilipoumia. Kitambulisho ni cha mwanafunzi, nauli ni ya mwanafunzi, chakula cha kantini ni cha mwanafunzi, lakini wa udaktari hahesabiwi mwanafunzi kwenye bei ya bima. Ukiwa na mkataba wa kazi, mwajiri anabeba karibu nusu. Ukiwa na ufadhili mtupu, hakikisha mfadhili ameitaja bima kwenye barua, la sivyo utalipa mpaka ukumbuke foleni za Hospitali ya Amana kwa mapenzi.

Barua iliyomshangaza mama yangu zaidi ilikuwa ya ada ya redio na televisheni. Yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na TV usiwe nayo. "Mwanangu, unatapeliwa," akasema, akataka nimpe namba yao awapigie. Nilikuwa nakaa na wenzangu wawili, tukagawana, maana nyumba ni moja.

Miaka ya katikati siisemi sana. Unasoma, unakwama, unakwamuka. Mkataba wangu ulikuwa wa nusu siku, kazi ya siku nzima, na hilo ni la kawaida kabisa kule, wala hakuna anayeona haya kulisema. Sheria inaviruhusu vyuo kukupa mikataba ya muda hadi miaka sita kabla hujapata udaktari, kwa hiyo unahuisha mkataba, unahuisha kibali cha ukaazi, na kila kimoja kinasubiri kingine.

Kilichonisukuma kuandika haya ni mwisho wake, maana hakuna anayewasimulia. Watu wanadhani ukishaandika umemaliza. Kwanza unapeleka tasnifu: nakala, faili, wasifu wako, na tamko la kiapo kwamba umeiandika mwenyewe bila kusaidiwa kinyume cha kanuni. Vitivo vingine vinataka hadi cheti cha polisi cha tabia njema. Kamati inafungua jalada, inateua watahini wawili. Wakiandika ripoti zao, tasnifu inawekwa ofisini kwa muda ili maprofesa wengine wa kitivo waisome, na mwenye pingamizi aseme. Ndipo utetezi, ndipo alama, nazo wanazitoa kwa Kilatini. Haya yote ni miezi. Mtahini akienda likizo, hakuna wa kumkimbiza.

Mkataba wangu uliisha ripoti ya pili haijaonekana. Mshahara ukakatika, na kibali cha ukaazi kilikuwa kimefungwa kwenye mkataba huo huo. Ukishamaliza masomo unaweza kuomba kibali cha kutafuta kazi, hadi miezi kumi na minane, lakini lazima uoneshe kwamba umemaliza, na mimi sikuwa nimemaliza. Si mfanyakazi, si mhitimu. Ofisini nikaambiwa hali yangu "haiko wazi", kwa sauti ileile wanayotumia kukwambia printa imeharibika.

Aliyeniokoa ni yule yule mama wa miwani ya mnyororo. Nilikuwa nimekwenda kuuliza kuhusu ripoti tu, nikakaa kwenye kiti chake nikashindwa kunyanyuka. Hakunipa pole wala nini. Alinisogezea boksi la tishu, akafungua kompyuta, akaandika barua kwamba mtahiniwa huyu ameshakabidhi tasnifu, mchakato unaendelea, na ucheleweshaji ni wa kitivo, si wake. Akagonga mhuri. Akaitazama, akagonga wa pili. "Ofisi ya wageni wanapenda mihuri," akasema, akaituma kwa faksi akiwa amesimama wima mbele ya mashine mpaka ilipotoa karatasi ya kuthibitisha. Faksi, katika karne hii! Nilipata karatasi ya muda ya ukaazi. Siku ya utetezi alikuja akakaa nyuma kabisa, na wenzangu wa maabara wakanivalisha ile kofia mliyoiona: juu yake kuna daladala la karatasi ngumu, ubavuni G/Mboto–K/koo, na konda ananing'inia mlangoni. Niliwahi kuwasimulia makonda wetu wakati wa chakula cha mchana, sikujua kuna mtu anasikiliza.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze kuweka akiba ya nini, jibu ni hilo pengo. Tenga pesa ya kula miezi sita baada ya kukabidhi, na usiiguse hata mtu akikuletea kadi yenye riboni. Na anayepanga kurudi kuomba kazi chuoni au serikalini akumbuke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, nao wana tathmini yao ya vyeti vya nje, na hawatathmini picha ya kofia.

Kilichobaki sasa ni nakala za maktaba. Kwa kuwa niko nyumbani, nikajiongeza: nikaenda steshenari moja ya Savei wanakofungia tasnifu za wanachuo, jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu, bei ambayo kule hainunui hata jalada tupu. Kijana akapiga hesabu vizuri tu mpaka nilipomsomea kanuni kwamba karatasi iwe isiyo na asidi, ya kudumu miaka mingi bila kuzeeka.

"Dada, isiyozeeka?" Akaigeuza rimu ya gramu 80 akaikagua pande zote. "Hii haijaandikwa."

Nikaipiga picha ile rimu nikawatumia maktaba kuuliza kama inafaa. Wamejibu siku hiyohiyo, jambo ambalo sijawahi kuliona kwao. Hapana, haifai. Kufunga kwa spairo pia hakufai, kama nilikuwa nafikiria. Na kuna kitabu nilichoazima ambacho hakijarudi. Bila hicho hawatanigongea karatasi ya kumaliza.

Kitabu kiko kabatini kule. Ufunguo wa kabati ninao hapa Tabata.