Nilivyochagua ndege ya kuunganisha mwenyewe kwa safari za Mwanza na Moroni

Kila niliyemwambia kwamba natafuta ndege ndogo ya kuunganisha mwenyewe, ile unayonunua vipande ukaijenga bandani, aliniuliza kwanza inakwenda mbio kiasi gani. Hakuna aliyeuliza nakwenda wapi, na nani, na mzigo gani, na mafuta nitatia wapi. Ushauri wa aina hiyo umenichosha, tena mwingi ulitoka kwa watu wanaozijua ndege, ndiyo maana nimekaa kuandika. Mkia wa ndege yetu umeshakamilika, uko bandani Fuoni, Unguja, na kila ninapoutazama nafurahi kwamba hatukuwasikiliza.

Tuko watatu katika shughuli hii: mimi, binamu yangu wa Wete, Pemba, mwenye mashamba ya mikarafuu, na shemeji yetu anayeishi Moroni, Komoro. Rubani ni mimi, na kazi yangu ya miaka mingi ni ufundi wa ndege. Mambo ya leseni na usajili sitayaeleza. Anayefikiria kujenga ndege anaujua mlango wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ulipo, na akifika ataelezwa vizuri kuliko nitakavyomweleza mimi.

Safari zetu zinajulikana. Unguja hadi Pemba ni kama kilomita 125, ndege yoyote inafika. Safari za kupimia ndege ni Mwanza, kama kilomita 815, na Moroni, kama kilomita 740 ukikata moja kwa moja juu ya bahari. Nusu ya ukoo wetu uko Ngazija, kisiwa chenye mji wa Moroni, kwa hiyo Moroni si safari ya matembezi. Ni misiba, harusi na wagonjwa.

Nilianza na ndege za polepole, kwa sababu ni rahisi na zinasifiwa sana. Zenith CH 701 ni ndege nzuri mno kwa mwenye kiwanja kifupi cha nyasi. Inaruka baada ya hatua chache na fundi mmoja anaweza kuijenga peke yake. Lakini mwendo wake ni kama kilomita 130 kwa saa. Sasa weka kusi. Ukitoka Unguja kuelekea Moroni mwezi wa Julai, upepo wa kilomita 40 kwa saa unakupiga wa omo, yaani wa usoni. Zile 130 zinabaki 90, na safari ya kilomita 740 inakuwa ya saa nane na zaidi, wakati tangi lake la kawaida halifiki hata saa tano. Ndege inayokwenda 260, kwa upepo uleule, inabaki na 220 na inafika kwa saa tatu na nusu hivi. Upepo unamla mwenye mwendo mdogo kuliko mwenye mwendo mkubwa. Manahodha wetu wanalijua hilo tangu enzi, na nilishangaa kuona marubani wanalisahau.

Basi wakaja wa upande wa pili. Rubani mmoja mstaafu alinishikilia nichukue Lancair, ndege ya mbio, au nitafute Long-EZ iliyotumika, ile ya Burt Rutan yenye bawa dogo mbele na panga la injini nyuma. Long-EZ naiheshimu, inakwenda mbali ajabu kwa mafuta kidogo. Lakini panga likiwa nyuma hupigwa na kila kokoto linalorushwa na magurudumu, na viwanja vya kwetu si vyote vya lami safi. Kilichonitoa kabisa upande huo ni bahari. Injini ni moja. Ikizimika juu ya maji, kitakachokuokoa ni ile kasi ndogo kabisa ambayo ndege inaweza kushuka nayo. Ndege inayogusa maji kwa kilomita 120 kwa saa hugonga kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya inayogusa kwa 90. Nilimfanyia mzee yule hesabu mbele yake, kasi mara kasi, naye akaniambia injini siku hizi hazizimiki. Sikubishana naye tena.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nililipata kwa rula na ramani. Ukiifuata pwani mpaka Mtwara, kama kilomita 470, halafu ndiyo ukakata kwenda Moroni, kama kilomita 360, jumla ni 830. Unaongeza kilomita 90 tu, na urefu wa bahari iliyo wazi unapungua kwa nusu. Tena Mtwara kuna uwanja, unashuka, unatazama hali ya hewa, unaamua. Njia hiyo ndiyo yetu sasa.

Mafuta. Ndege nyingi zinazobeba watalii hapa kwetu ni za injini za tabaini, zinakunywa Jet A-1, mafuta ya taa ya ndege, na Jet A-1 iko kila uwanja mkubwa. Avgas, petroli ya ndege kwa injini za pistoni, ndiyo ya kutafuta kwa simu na barua, na ikipatikana bei yake inauma. Injini kama Lycoming ya farasi 260 inayofungwa kwenye RV-10, ndege ya vipande ya viti vinne kutoka Marekani, inataka avgas. Rotax, injini ndogo zaidi, inaruhusu petroli ya oktani 95, na avgas pia ukikwama, ila ukitia avgas sana mafuta ya kulainishia inabidi uyabadilishe mapema kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo. Shemeji alizunguka Moroni akaniambia petroli ya sheli ipo, avgas hakuna aliyemwahidi. Hilo peke yake lilikuwa karibu limalize mjadala. Mtu mmoja alinishauri injini ya dizeli inayokunywa Jet A-1. Wazo si baya, lakini ni nzito na bei yake hatuiwezi. Ukitia petroli ya sheli chuja, angalia maji, na usiache ndege imejaa petroli juani mchana kutwa halafu ukaruka hapohapo. Petroli ya moto hutoa mvuke kwenye mipira ya mafuta na injini hukohoa.

Sasa uzito, na hapa binamu alifanya jambo la maana kuliko sisi sote. Ndege ya viti vinne haibebi watu wanne kwa safari ndefu. Karatasi za wauzaji hazikwambii hivyo, unakuta picha ya familia inacheka. Binamu ana mizani kubwa ya kupimia karafuu kabla ya kuzipeleka kituoni. Ilikuwa wakati wa sikukuu, ukoo umekusanyika Wete, shemeji naye amekuja. Binamu akaitoa mizani uani akaamuru kila mtu apande kama atakavyosafiri: viatu miguuni, simu mfukoni, mkoba mkononi, na zawadi za kupeleka Ngazija ndani ya mkoba. Shangazi akapanda huku anauliza, "Mwanangu, leo na mimi nimekuwa karafuu?" Akapimwa pamoja na vikapu vyake. Watoto wakapimwa. Tukaandika kwenye daftari la shamba, pembeni ya majina ya wachumaji.

Tulipokaa na lile daftari ukweli ukaonekana. Sling TSi ya Afrika Kusini, ndege ya viti vinne yenye injini ya Rotax, inaruhusiwa kuruka na kilo 950. Yenyewe tupu, na redio na rangi, ni kama kilo 500. Matangi yakijaa, zaidi ya lita 170, ni kilo 120 na kitu. Kinachobaki ni kama kilo 330. Sisi wanne wazima na mikoba, na maboya ya kuvaa, tulizidi. Watatu na mizigo tulitosha vizuri. Wanne tunaweza kwenda Pemba kwa nusu tangi bila wasiwasi.

Kumbe RV-10, ambayo wote waliniambia ndiyo baba lao, nayo nikaipiga hesabu. Inaruka na kilo 1,225, tupu ni kilo 730 hivi, tangi lita 227 ambazo ni kilo 160 na kitu. Kinachobaki ni kilo 330! Nilirudia mara kadhaa, jibu halikubadilika. Injini kubwa inabeba zaidi, lakini kinachozidi ni mafuta yake yenyewe. Inafika Mwanza nusu saa mapema, basi. Nusu saa hiyo unailipia kwa avgas lita nyingi zaidi. Atakayeona nusu saa ina thamani kwake achukue RV-10, ni ndege madhubuti na nimeona kazi yake. Ijapokuwa nilisita pia kwa sababu Van's, kampuni inayoiuza, iliomba kinga ya mahakama huko Marekani mwishoni mwa 2023 baada ya matatizo ya vipande vilivyokatwa kwa leza. Ilitoka salama mwaka uliofuata, lakini wakati ule sisi tulikuwa tunaamua.

Kabla ya kulipa hata senti nilijenga sanduku. Hili nalisimulia kwa furaha kwa sababu nilichekwa. Nilichukua plaiwudi na vijiti vya mninga, nikatengeneza chumba cha rubani chenye ubavu unaosogea. Nikiusogeza ndani upana unakuwa sentimita 109, kama RV-9 ya viti viwili. Nikiutoa nje, 122, kama RV-10. Sling iko kati ya hizo mbili. Godoro la sponji likawa viti, kipande cha mpini wa jembe kikawa usukani, pedali za mbao. Nikalitoa juani saa sita mchana, tukaingia mimi na shemeji tumevaa maboya na hedifoni, tukakaa kwa muda wote wa safari ya Moroni bila kutoka.

Kwenye 109 mabega yetu yalianza kugombana mapema, na boya linaloning'inia shingoni liliukamata usukani kila nilipouvuta. Tableti yenye ramani, niliyoiweka juu ya dashibodi, ilizimika yenyewe kwa joto kabla hatujafika "Mafia". Tangu siku hiyo nafasi ya tableti ni chini, kwenye kivuli cha goti, na ramani ya karatasi iko mfukoni mwa mlango. Mgongo wa shemeji, mtu mrefu, ulitaka kiti kilale kidogo zaidi. Tulikilaza kwa kabari ya mbao, na kipimo cha kabari ile ndicho kitakachokuwa kiti cha ndege.

Halafu tukaligeuza juu chini. Tulilipindua sanduku, paa likalala mchangani, binamu ndani amefunga mkanda, tukamwambia toka. Na paa la kusukuma nyuma, aina ile ya RV nyingi za viti viwili, hakutoka: mchanga umelishika. Na milango ya ubavuni inayofunguka kwenda juu alitoka kwa tabu, kwa kuupiga mlango teke. Kwa hiyo kinyundo cha kuvunjia kioo kitafungwa katikati ya viti vya mbele, mahali ambapo mkono wa kushoto wa abiria na wa kulia wa rubani vyote vinafika, na kisu cha kukatia mkanda kando yake. Waliocheka walikuja baadaye kulikalia sanduku wenyewe.

Niliambiwa pia nichukue ndege ya faiba kwa sababu faiba hailiwi na chumvi. Kweli hailiwi, lakini jua linailegeza, ndiyo maana hupakwa nyeupe, na mimi joto la banda langu nalijua. Aluminiamu nayo nilitaka kuijua, basi nikaning'iniza vipande kwenye nguzo ufukweni Nungwi, vyengine vitupu, vyengine na praima ya epoksi, kuanzia kaskazi mpaka kusi ikatulia. Vitupu vilitoa unga mweupe kwenye ncha, na palipokaa skrubu ya chuma ndipo palipoliwa vibaya zaidi, duara kamili kuizunguka. Vyenye praima vilibaki safi, ila pale nilipotoboa tundu baada ya kupaka. Ndiyo kusema: toboa kwanza, kisha paka, na kila tundu lipate yake.

Tukaichukua Sling TSi. Johannesburg, inakotengenezwa, ni karibu kuliko Marekani, Rotax 915 yenye tabo inashikilia nguvu zake juu hadi futi 15,000, jambo la maana unapoondoka Mwanza au Dodoma mchana wa joto, maana viwanja hivyo viko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Ribiti zake nyingi ni za kuvuta kwa bunduki ya upepo, mtu mmoja anafanya, wakati RV-10 inataka wawili, mmoja agonge na mwengine ashikilie chuma upande wa pili. Na ukoo wake umetembea. Mike Blyth, mwanzilishi wa kampuni, aliizunguka dunia na James Pitman kwa Sling ya viti viwili mwaka 2009. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini, akiwemo Megan Werner wa miaka 17, waliirusha kutoka Cape Town hadi Kairo Sling 4 iliyounganishwa na vijana 20 kwa wiki tatu, wakapitia hapa hapa Zanzibar. Tangu siku ile nilikuwa na jibu kwa anayesema ndege ya vipande ni mchezo.

Bei? Wakati tunaamua hesabu ilikuwa dola laki moja na nusu, kisha uwe na nyengine pembeni, kwa sababu redio, rangi, usafiri na ushuru kila kimoja kina lake. Sisi tunalipa kipande kwa kipande: mkia umekwisha, mabawa yanafuata kwenye kontena, injini ya mwisho ili isikae kwenye unyevu bila kuwashwa.

Sanduku la plaiwudi bado liko Fuoni na mizani ya binamu tumeivusha kutoka Wete. Anayefikiria ndege ya aina hii aje Jumapili baada ya Alasiri, na viatu vya safari na mkoba wake kamili, na mkewe naye aje na wake.