Glasi nne ndogo

Kosa langu lilikuwa kuanza na ile nyeusi. Mwenyeji wetu kiwandani alipanga glasi nne ndogo mezani, kutoka bia nyepesi hadi nyeusi tii, nami kwa ubishi nikarukia ya mwisho. Ilinukia kahawa kabisa, ingawa haikutiwa hata punje moja ya kahawa. Ni shayiri tu, imeoteshwa, ikakaushwa, kisha ikakaangwa mpaka ikawa nyeusi. Nilipoigeukia ile nyepesi, nikaona kama nanywa maji. Ulimi ulishachoka.

Akatupeleka nyuma, kwenye matangi. Joto, unyevunyevu, harufu ya uji. Akanimwagia kiganjani maua makavu ya hopsi, yale yanayotiwa kwenye bia, akasema niyasugue. Vidole vikanata, ikapanda harufu ya maganda ya chungwa. Yakitiwa mwanzoni mwa kuchemsha, kazi ya saa nzima au zaidi, huacha uchungu. Yakitiwa mwishoni, huacha harufu. Ua lilelile!

Chachu nayo ina mambo yake. Ya bia aina ya eli hupenda joto la nyuzi 18 hadi 22 hivi. Ya bia aina ya laga hutaka baridi, tuseme nyuzi 10, na majuma ya kungoja. Mimi subira hiyo sina, ndiyo maana nanunua.

Tuliporudi mezani nikasukutua kinywa kwa maji, nikaanza upya na ile nyepesi. Kumbe ilikuwa na utamu wa asali kwa mbali! Ya tatu sikuimaliza. Chungu kama shubiri, na wanaoisifu sijui wana ulimi gani.