Nilivyoziona Alfa na Beta za Glukosi kwa Infraredi

Glukosi ikiyeyushwa katika maji haitulii. Pete ya molekuli hufunguka na kujifunga tena, na kila ijifungapo kundi la hidroksili (OH) kwenye karboni ya kwanza huelekea upande huu au ule, yaani umbo la alfa au la beta, mpaka mizani ikae kwenye takriban asilimia 36 za alfa na 64 za beta. Polarimeta, kifaa kinachopima jinsi myeyusho unavyozungusha mwanga uliopolarishwa, huonyesha safari hiyo kwa namba moja ambayo, ukianza na alfa, hushuka kutoka nyuzi +112 hadi +52.7. Mimi nilitaka kuona alama ya kila umbo peke yake, na infraredi, mwanga usioonekana ambao kila umbo huufyonza mahali pake, huzitofautisha vizuri: alfa karibu na 840 cm⁻¹, beta karibu na 890 cm⁻¹ (cm⁻¹ ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja).

Niliyeyusha alfa katika maji ya barafu, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya mabadiliko, nikagandisha sehemu moja papo hapo na nyingine baada ya kuiacha usiku kucha kwenye joto la chumba. Zote mbili nilizikausha katika ombwe, nikazisaga na potasiamu bromidi, chumvi inayopitisha infraredi, ili nizigandamize kuwa vidonge.

Hapo ndipo masika ya pwani yalipanitesa. Vidonge vya kwanza vilitoka na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na spektra, yaani mchoro wa mwanga uliofyonzwa, ikafunikwa na mlima mpana wa 3400 pamoja na kilele cha 1640, ambacho ni alama ya maji. Nilihofia zaidi kwamba unyevu huohuo ungeweza kuibadilisha sukari niliyokuwa nikiipima.

Nilianza upya. Potasiamu bromidi ililala kwenye tanuri la nyuzi 110, kinu na mchi vikapashwa moto kabla ya kazi, na kila kitu kikahifadhiwa katika chombo chenye silika jeli, inayofyonza unyevu. Nilitumia miligramu 1 ya sukari kwa 100 za chumvi, nikasaga kwa haraka chini ya taa yenye joto, na kidonge cha chumvi tupu kikawa kipimo changu cha msingi.

Safari hii kidonge kilipitisha mwanga kama kioo safi. Sampuli ya kwanza ilionyesha kilele cha 840 waziwazi. Katika ya pili, cha 890 kilikuwa kimeinuka, na cha 840 kimepungua bila kutoweka, kwa sababu zaidi ya theluthi ya molekuli bado zilikuwa alfa.