Watu Wetu Walipokuja Langoni

Jumapili iliyopita somo la kwanza lilikuwa 1 Samweli 30, na msomaji alipofika aya ya 6 sikuweza tena kumfuatilia, kwa maana mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kurudi Nakuru, Januari 2008.

Yaliyotangulia mnayajua: matokeo ya urais yaliyotangazwa Desemba 30, vizuizi barabarani, watu waliokimbilia uwanja wa maonyesho. Jirani yangu, ambaye si wa kabila letu, alikuwa chumba cha nyuma na wanawe, akingoja gari la polisi limpeleke huko.

Walionijia hawakuwa wageni. Aliyetangulia alikuwa mtoto wa baba mdogo, niliyelelewa naye nyumba moja, amevaa sweta niliyomnunulia mimi, ameliegemeza panga mguuni kama mtu atokaye shambani. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

“Dada,” akasema bila kupaza sauti, “duka langu limechomwa na watu wa huyo uliyemficha. Wewe ni wetu au ni wao?”

Nyuma yake mtu akasema nyumba nayo itiwe moto. Nilishika komeo kwa mikono yote miwili, nikamjibu kwamba mama yule hakuchoma duka la mtu. Alinitazama kitambo, akatema mate karibu na kiatu changu, akaniambia nisimwite ndugu tena. Waliondoka tu kwa sababu gari la doria lilisikika likija.

Nyumbani tulikuwa tukisoma Samweli sura kwa sura, na usiku ule, chini ya amri ya kutotoka nje, zamu ilikuwa ya sura hiyo. Siklagi, mji alikokaa Daudi, umeteketezwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki, Daudi na watu wake wamelia hata nguvu za kulia zikawaishia. Kisha watu hao hao wakataka kumpiga kwa mawe, naye akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Nilipata tumaini, kwa kuwa sura inataja uchungu wao kabla ya mawe yao, na baadaye inasema waliondoka pamoja naye. Haisemi kama yupo aliyemwomba msamaha.

Mimi na ndugu yule hatujaombana. Agosti anamwoza bintiye; mwaliko umenifikia kupitia mama mdogo, yeye mwenyewe hakunipigia simu, nami nimemjibu mama kwamba nitafika.