Kisiki Kilichokataa Kuoza

Ukinikuta msituni nimepiga magoti mbele ya kisiki cha msonobari, pua imegusa mti, usinionee huruma. Niko kazini. Natafuta moyo wa mti ulioshiba utomvu hadi mbao yenyewe ikabadilika rangi, uzito na tabia. Kibanzi chake kimoja chenye unene wa penseli hushika kwa njiti moja ya kiberiti na kuwaka dakika kadhaa bila kubembelezwa, hata siku ambayo kila kitu kingine msituni kimelowa chapachapa.

Wanaoanza kazi hii huwa wanakwenda kwenye mti ulio hai. Wanaona matone yanayong'aa kwenye gome, wanayakwangua, wanafurahi. Sisemi hayawaki, yanawaka vizuri tu. Lakini yananata kila mahali, mfukoni, kwenye mpini wa kisu, kwenye nywele, na ukiyawasha peke yake yanayeyuka na kutiririka kabla kuni hazijashika. Utomvu unahitaji utambi. Ukiwa umeingia ndani ya nyuzi za mbao, mbao ndiyo utambi na utomvu ndiyo mafuta, kama kandili iliyojaa tayari.

Msonobari una mifereji myembamba ndani ya mbao yake, na utomvu upo kwa ajili ya ulinzi. Tawi likivunjika, radi ikiuchana mti au moto ukiunguza ubavu wake, utomvu hukusanyika penye jeraha, ukaziba, ukawazuia wadudu na kuvu. Una sehemu mbili kubwa. Kuna tapentaini, ile nyepesi yenye harufu kali, inayopaa hewani na kushika moto upesi. Na kuna rosini, ile nzito inayoganda na kubaki. Mti unapozeeka, sehemu ya katikati huacha kusafirisha maji na hujaa utomvu huo, hasa chini karibu na mizizi. Sehemu ya nje, ile nyeupe, ndiyo inayobeba maji na akiba ya chakula cha mti.

Sasa mti ukikatwa, kisiki kinabaki na sehemu hizo mbili, na mchwa wanajua tofauti yake kuliko sisi. Wanakula ile nyeupe. Kuvu nao wanaila. Mvua, jua, miaka, yote yanaiondoa polepole, na katikati kunabaki kitu ambacho hakuna aliyetaka kukila. Ndiyo maana mchwa siwagombezi. Wanamenya kisiki bila malipo, nami nafika mwishoni kuchukua walichokitema.

Kwa hiyo ninachokitafuta ni uozo, ila uozo wa namna fulani. Kisiki kilichokatwa juzijuzi nakipita. Utomvu unaweza kuwamo tele, lakini umefungwa ndani ya mbao mbichi, na kuufikia ni kutoka jasho bila sababu. Kisiki ninachokipenda kimepauka kuwa cha kijivu, gome limeshadondoka, pembeni kumekuwa laini kiasi kwamba kiatu kinaingia. Napiga teke dogo. Nje panavunjika kama unga, halafu mguu unagonga kitu kigumu. Hapo ndipo ninapopiga magoti. Wakati mwingine hata teke halihitajiki: sehemu laini imeshaanguka yote na kumebaki meno marefu yaliyochongoka yakielekea juu, magumu, yenye rangi ya majivu kwa nje. Watu wengi huyapita wakidhani ni takataka.

Umri wa mti siku ulipokatwa una maana kubwa. Misonobari mingi ya mashamba ya miti hukatwa ikiwa bado michanga na moyo wake mdogo, na kisiki chake kinaweza kuoza chote mpaka kikabaki shimo lenye vumbi. Ukikutana na eneo la namna hiyo usijitese kuchimba kila kisiki. Nenda ukatafute mafundo ya matawi, nitayaeleza chini. Na kabla ya yote hakikisha ni msonobari kweli. Mvinje umewadanganya wengi kwa sababu kwa mbali unaonekana una sindano. Uchukue mkononi: hizo si sindano bali ni vijitawi vyembamba vyenye pingili, vinakatika pingili kwa pingili ukivivuta. Sindano za msonobari hutoka kwenye kifungu kimoja zikiwa mbili, tatu au tano kutegemea aina, na chini ya mti utaona koni za magamba magumu. Mvinje ni kuni nzuri sana, una moto mkali, lakini utomvu huu hauna.

Kipimo changu cha kwanza ni pua. Nachubua kidogo kwa ncha ya kisu, navunja ngozi ya kijivu, nanusa. Harufu ikinipiga kama kopo la rangi ya mafuta lililofunguliwa, sina haja ya mjadala. Kama nasikia harufu ya udongo na uyoga tu, naingia kidole kimoja zaidi ndani, nanusa tena, nikikosa naondoka. Baada ya pua ndipo macho: mbao yenye utomvu ina rangi ya chungwa iliyokolea, wakati mwingine nyekundu ya kutu, na inang'aa pale ilipokatwa. Kata unyoya mwembamba uunyanyue juani. Ukiwa na utomvu wa kutosha mwanga unapita. Halafu kuna uzito. Kipande kinachokaa mkononi kwa uzito usiolingana na ukubwa wake ndicho chenyewe. Na mlio pia: gonga kwa upande wa nyuma wa shoka, mbao iliyooza hunyamaza, hii hujibu.

Kabla ya kutia mkono, zunguka kisiki ukigonge kwa fimbo. Humo mna wenyewe. Nge, tandu, nyoka, siafu, wote wanapenda mbao iliyooza, na mimi sina ugomvi nao. Nikiona kisiki kimekaliwa naenda kingine. Pia kuna suala la ruhusa. Kisiki kina mwenyewe, awe mtu, kijiji au msitu wa serikali, na kuingia na shoka bila kuuliza ni kujitafutia kesi.

Kazi ya kukata naianza kwa mikono. Navua kila kilicho laini, nakikwangua mpaka nione umbo la moyo uliobaki. Halafu nafagia udongo. Hapa nasisitiza, kwa sababu watu hukimbilia msumeno: udongo na changarawe vikibaki kwenye mbao vinaua makali kwa mivuto michache, na mbao ya utomvu haisamehi msumeno butu. Kama kisiki kimelegea ardhini nakisukuma huku na huku, nakata mizizi ya pembeni inayokishikilia, nakitoa kizima na mzizi wake. Ule mzizi wa katikati unaoshuka chini, kama umebaki mgumu, mara nyingi ndio wenye utomvu mzito kuliko sehemu yoyote. Kama kisiki hakitaki kutoka, nakikata kwa msumeno sambamba na ardhi nilipofikia na kuridhika na hicho. Sioni faida ya kuchimba nusu siku kwa kitu ambacho vipande viwili vyake vinatosha moto mmoja.

Msumeno utanata, utajaa vumbi lenye utomvu kati ya meno na kukataa kwenda. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, endelea. Kupasua ni rahisi pale nyuzi zilipo nyoofu: simamisha kipande juu ya gogo, weka kisu au shoka dogo, gonga kwa rungu, kinafunguka kwa mlio mkavu. Karibu na mizizi nyuzi zimejisokota, shoka linakwama au linaruka pembeni. Sehemu hizo usizipige kwa hasira. Zichane kwa msumeno vipande vifupi, kisha utumie kabari. Na vaa kitu machoni. Mbao iliyoganda utomvu haipasuki kwa upole, inarusha vigae.

Kuhusu mafundo niliyoyataja. Pale tawi linapoungana na shina la msonobari, utomvu hujikusanya sana, na tawi likifia mtini kiungo hicho hubaki kigumu. Shina lililoanguka likioza, mafundo hayo hubaki yametawanyika chini, mafupi, mazito, yamechongoka upande mmoja. Ni mali ya bure kabisa, hayahitaji hata msumeno. Kwenye mti uliokufa ukiwa umesimama, kata tawi la chini ukiwa karibu kabisa na shina, kwa sababu utomvu umejaa kwenye sentimita chache za mwanzo na ukisogea mbele unakuta fimbo ya kawaida. Lakini angalia juu kwanza. Mti uliokufa hudondosha matawi bila kuaga, na siku ya upepo siukaribii.

Mti ulio hai siukati, sababu ni kwamba hakuna haja. Wafini, watu wa Finland, waliufanyia msonobari hai kitu ambacho mimi nakistaajabia bila kutaka kukiiga: walimenya gome lake kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, mti ukajaza utomvu kwenye vidonda, ndipo wakaukata na kuuchoma polepole kwenye matanuru yaliyofunikwa, hewa ikiwa kidogo, ili lami ichuruzike chini. Lami hiyo ilipaka meli za mbao na kamba zake, na kwa karne kadhaa ilikuwa biashara kubwa ya nchi yao. Kusini-mashariki mwa Marekani nako, baada ya misitu mikubwa ya Pinus palustris, msonobari wa sindano ndefu, kukatwa, viwanda vya karne ya 20 viligeukia visiki vilivyobaki, vikaving'oa, vikavisaga na kukamua rosini na tapentaini. Yaani walichofanya wale kwa mitambo ndicho hiki ninachofanya kwa msumeno wa kukunja, isipokuwa mimi nataka moto wa jioni tu.

Na moto wenyewe? Napasua vijiti vitatu au vinne vya urefu wa kiganja. Kimoja nakichonga manyoya, vipande vyake vyembamba vikibaki vimeshikilia kijiti. Vingine navipanga kwa kuegemezana juu yake, kisha kuni nyembamba za kawaida. Njiti moja inatosha. Mwali ni wa njano, mrefu, wenye moshi mweusi, na ukitega sikio utasikia utomvu ukichemka. Kama huna kiberiti, kwangua kwa mgongo wa kisu wenye kona kali mpaka upate unga mwembamba ulioshikamana, rundo la ukubwa wa kifungo kikubwa, halafu rusha cheche za ile fimbo ya chuma ya kukwangulia moja kwa moja katikati. Unga ukiwa mnene mno cheche zitazima juu yake. Ukiwa mwembamba kweli unashika. Mvua ikiwa imenyesha, futa au chonga ngozi ya nje. Ndani maji hayaingii kwa urahisi, utomvu umeshaziba njia.

Rafiki yangu mmoja bado anawasha kwa mafuta ya taa na vipande vya mifuko ya plastiki, na kila nikitoa vijiti vyangu ananiita mzee wa visiki. Sawa. Mafuta yake yakimwagika ndani ya begi tutaongea. Plastiki sitaki hata kuisimamia karibu, moshi wake ni sumu.

Ila kuni za utomvu nazo si za kila kazi. Ni za kuwasha, basi. Masizi yake yanapaka sufuria weusi unaogoma kutoka, yanaingia kwenye chakula kilicho wazi na kukipa ladha ya tapentaini, na ndani ya nyumba yanaganda kwenye dohani. Mimi husubiri vijiti vile viishe na kuni za kawaida zishike ndipo naweka kitu juu ya moto. Usikishike kijiti kinachowaka ukielekeza mwali juu ya mkono wako pia. Utomvu unaochemka hudondoka huku ukiwaka, na ukigusa ngozi hunata hapohapo.

Kuhifadhi hakuna ufundi. Vipande vizima vinakaa miaka bila kuoza, ndani ya gunia, kwenye kona, popote. Nisichokifanya ni kuchonga manyoya mengi mapema, maana vipande vyembamba hupoteza ile sehemu nyepesi ya utomvu na kushika kwa uvivu. Nachonga nikiwa tayari kuwasha. Mikono inayonata nasugua kwa mafuta ya kupikia kwanza, sabuni baadaye. Ukianza na maji utausambaza tu.

Kitu kimoja ninachokifanya kila mara ni kutandika kitambaa au gunia chini kabla ya kuvuta msumeno. Lile vumbi la rangi ya chungwa linaloanguka ndilo kiwashio kizuri kuliko vyote vinavyotoka kwenye kisiki, na nimeona watu wakilifukia kwa viatu vyao. Mimi nalikung'utia kwenye kopo dogo lenye kifuniko kinachobana. Siku ya baridi na upepo, vidole vimekufa ganzi na kisu hakishikiki vizuri, sichongi kitu: namwaga kijiko kimoja juu ya gome kavu, napiga cheche.