Alamu ya usiku: nilivyohangaika mpaka ikaniamsha kweli

Mimi ni fundi wa matengenezo, kiwandani tuna vyumba vya baridi vitatu, na usiku hakuna mtu pale zaidi ya mlinzi ambaye paneli, lile kabati la vidhibiti, haruhusiwi kuigusa. Kwa hiyo PLC, ile kompyuta ndogo ndani ya paneli inayosimamia mitambo, ikiona joto limepanda inatakiwa initafute mimi popote nilipo. Hiyo kutafutwa ndo imenila miezi kadhaa.

Tulianza na imeili kwa sababu ilikuwepo tayari, hamna cha kununua. Siku moja umeme ukakatika saa saba usiku, PLC ina UPS yake, yaani betri ya akiba, ikafanya kazi vizuri tu ikaandika imeili, kumbe ile swichi ya netiweki kule ofisini haiko kwenye UPS yoyote, basi imeili zikakaa foleni mpaka umeme uliporudi alfajiri, zikaingia kumi na nne kwa mpigo na mzigo ushaharibika.

Watu wa IT wakasema tutumie huduma ya mtandaoni ya kutuma meseji, au app. Nikawauliza inapita wapi? Kebo ileile, swichi ileile. Sasa hapo si tumebadilisha nguo tu jamani, mtu ni yuleyule!

Nikaenda kwenye modemu ya laini ya simu inayokaa ndani ya paneli na kula umeme wa UPS ya PLC. Muuzaji wa kwanza alinipa ya 2G, bei chee, nikakataa maana mitandao ya zamani inazimwa, AT&T ya Marekani iliizima 2G mwanzoni mwa 2017 na Telstra ya Australia Desemba 2016, na kifaa cha kiwandani kinakaa miaka kumi na zaidi. Nikachukua ya 4G. Kufunga, meseji moja inaenda mbili haziendi. Nikachomeka laptop nikaandika AT+CSQ, amri ya kuiuliza modemu nguvu ya mtandao, ikanijibu 7, na kipimo kinafika 31. Paneli ni ya chuma na mimi antena nimeiacha ndani, akili zangu hizo. Nilipoitoa juu ya paa ikasoma 19, tatizo likaisha.

Halafu kuna kituko cha alama ya digrii. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, ila ile ° haimo kwenye herufi za msingi za meseji za simu (GSM), ukiiweka tu meseji nzima inahamia mfumo mwingine na nafasi zinashuka mpaka 70. Ya kwangu ikawa inakatika vipande viwili, hela mara mbili, kisa kiduara. Sa hivi naandika "CHUMBA 3 JOTO 9.4 C" basi.

Nikajua nimemaliza. Wapi! Kuna alamu ilitoka saa nane usiku, meseji ikanifikia saa kumi na mbili na nusu nikiwa napiga mswaki. Modemu ikisema OK maana yake mtandao umepokea, siyo kwamba mimi nimepata. Na hata ikifika kwa wakati, mlio mmoja wa meseji hauniamshi, mke wangu ndo anaamka ananipiga kiwiko.

Ndo nikahamia kwenye kupigiwa. Nilijaribu kwanza kwa simu za ofisi za VoIP, zile zinazopita intaneti, sauti inasoma alamu, inasema bonyeza 1 kukubali, nabonyeza 1, 1, 1 usingizini, haisikii, inampigia mwenzangu naye anaamka bure. Kumbe kodeki, yaani njia ya kubana sauti, ilikuwa G.729, inabana sauti ya maongezi na milio ya vitufe inaharibika, tukaweka RFC 2833, inayotuma vitufe kando na sauti, ikakubali. Ila bado ni intaneti ileile, kwa hiyo nikaiacha iwe njia ya pili na ya kwanza ikawa modemu ipige yenyewe. Hapa angalia sana, modemu nyingi za 4G ni za data tu, muulize muuzaji kabisa kama inapiga simu ya sauti kwenye mtandao wako. Mimi ilibidi nibadilishe nyingine, bosi alinuna wiki nzima.

Kingine, usikubali mfumo unaohesabu simu kupokelewa kuwa ndo umekubali alamu. Simu yangu iliwahi kuzima chaji, voisimeili ikapokea, mfumo ukaridhika ukatulia. Sasa bila kubonyeza namba ndani ya dakika tano inampigia wa zamu anayefuata, halafu bosi mwenyewe, na yeye tangu aamshwe mara moja hajauliza tena kwa nini tunalipia njia mbili.

Na kila asubuhi saa mbili mfumo unanitumia meseji ya kujaribu. Wiki iliyopita haikuja. Nikaenda kuangalia, modemu nzima, antena nzima, netiweki inashika vizuri, laini ndo ilikuwa imeisha salio.