Siku Mashima aliponisomea kompyuta

Hii ni 2008, Kolkata, msimu wa mvua. Nilikua mwaka wa pili chuo kule India na nimeshachoka na hosteli, nikapata chumba kwa mama mmoja mjane mitaa ya Jadavpur, wenyewe wanaita PG, yaani unalipa kwa mwezi unapewa chumba na msosi wa nyumbani, wali na samaki karibu kila siku ya Mungu, kwa mtu wa Tanga kama mimi hapo hakuna cha kulalamika. Nilikua namwita Mashima, ndo mama mdogo kwa Kibengali, na yeye akawa ananiita "baba". Siku ya kwanza aliponiita hivyo nilicheka peke yangu maana bibi yangu wa Tanga ndivyo anavyoniita, njoo baba, kula baba. Maneno mengine nayo tukakuta ni yaleyale tu, kalamu kwao kolom, dunia ni duniya, gari ni gari, kwa hiyo kwa Kiingereza changu na chake cha kuokoteza na Kibengali changu cha sokoni tulikua tunafika.

Sebuleni kulikua na kompyuta ya mwanae, Pentium 4, kijana mwenyewe keshahamia Pune kikazi. Mashima alikua anaifunika kitambaa cha kudarizi na anaifuta vumbi kila asubuhi lakini kuiwasha hawashi. Akitaka kumwandikia mwanae ananiita mimi, ananisomea naandika Kibengali kwa herufi za kizungu, kemon acho, hujambo mwanangu, vile ninavyosikia mimi na makosa yangu yote, halafu anaangalia kwenye skrini anasonya. Huyu mama alifundisha shule ya msingi miaka na miaka, ana mwandiko ungedhani umechapishwa. Akaniambia siku moja, hiyo sio barua baba, hiyo ni kelele.

Nilijaribu. Ile mashine ilikua na Windows XP ya kopi, kaiweka fundi wa dukani, na kwenye XP ukitaka herufi za Kibengali zikae sawa inabidi uende kwenye setingi za lugha utiki kiboksi fulani, ukitiki tu inakwambia weka CD ya Windows. CD ipi sasa? Fundi aliondoka nayo zamani. Mtu atauliza mbona usimwekee Avro, ile programu ya bure ya kuandikia Kibengali aliyoitoa Mehdi Hasan Khan kule Bangladesh 2003, akiwa bado anasomea udaktari. Niliiweka! Inaandika vizuri tu, ila kwenye skrini yetu zinatokea boksi boksi, kama mtu kapanga matofali.

Halafu siku moja mvua inapiga, barabara imejaa maji mpaka magotini, posta mwenye mwavuli akagonga na bahasha kutoka nje. Nilikua nimeshasahau. Wakati ule watu wa Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoweka badala ya Windows, walikua wanatuma CD bure mpaka mlangoni, unajaza jina na anwani unakaa wiki kadhaa, hulipi hata stempu. Mashima alikagua ile bahasha mbele na nyuma, akaniuliza wanauza nini hawa. Nikamwambia hawauzi. Akauliza tena, sasa wanataka nini? Nikasema hawataki kitu, na ukitaka kopi mpe jirani, ukijua kazi unafungua hata ndani unabadilisha. Hapo ndo niliona raha ya Kiswahili, maana Kiingereza wana neno moja, free, linawachanganya mpaka leo, sisi tuna bure na tuna huru, vitu viwili. Akauliza Ubuntu maana yake nini nikamwambia ni neno la kusini mwa Afrika, kwetu sisi tunasema utu. Akarudia taratibu, utu. Akaenda kuchemsha chai.

Nilihamisha picha zote za mwanae kwenye DVD tatu kwanza (sio mjinga kiasi hicho), ndo nikaanza kuinstoli. Kwenye orodha ya lugha nikakiona Kibengali kimeandikwa kwa herufi zake. Nikatafuta Kiswahili. Hamna. Iliniuma kidogo, sitadanganya, maana nyumbani mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili, tangu 2004, nikajua kazi inawezekana, ni watu tu wa kukaa chini wafanye.

CD ile haikua na Kibengali chote, inabidi udaunlodi kifurushi cha lugha na fonti, na intaneti yetu ilikua waya wa mtaa unaopita juu ya mapaa, na umeme wa mgao wenyewe wanaita lodisheding, kwa hiyo kitu cha lisaa limoja kilinichukua usiku mbili. Nzuri yake umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Ikamaliza usiku wa Jumatano kama saa nne. Mimi na kiherehere changu nikasema ngoja nimfanyie sapraizi, nikachagua Kibengali kiwe lugha ya mashine nzima, nikatoka, nikaingia tena.

Jamani.

Kila kitu Kibengali. Menyu Kibengali, kiboksi cha onyo Kibengali, hata kitufe cha kuzima. Mimi kuongea naongea kidogo lakini kusoma nilikua najua herufi sita saba, na namba zao ndo kabisa, nne yao imekaa kama nane yetu, ilishanipandisha basi lisilo langu mara mbili. Na nilikua na asaimenti ya kupeleka asubuhi. Nikabofya hapa, nikabofya pale, nikafungua kitu nisichokijua nikakifunga, jasho linanitoka. Mtu mzima nimekaa mbele ya mashine niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe na siwezi kusoma hata neno "hapana".

Mashima akatoka chumbani na khanga yake, namaanisha sari, akauliza kulikoni. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akasogeza kiti, akaanza kusoma kwa sauti kama yuko mbele ya darasa. Shompadona, yaani kuhariri. Shahajjo, msaada. Akafika songrokkhon, ndo "hifadhi" ya kusevia faili, akacheka maana magazeti ya kule neno hilohilo wanalitumia kwa nafasi zinazotengwa kazini na vyuoni kwa watu wa matabaka ya chini, akasema kumbe hata humu ndani wanagombania nafasi! Halafu akakutana na prosthan kwenye kitufe cha kutoka. Hapo alicheka mpaka akavua miwani. Ni neno la tamthilia bwana, linaandikwa kwenye mchezo pale mfalme anapoondoka jukwaani, mtu wa kawaida haagi hivyo. Akawa anaigiza, anaenda mpaka mlangoni ananyoosha mkono, prosthan! anarudi.

Waliotafsiri ile kitu ni watu wa kujitolea, kikundi kinaitwa Ankur, chipukizi, na moja ya fonti zilizokuja na kile kifurushi inaitwa Mukti, ukombozi. Sikuwahi kuwaza kwamba herufi nazo kuna mtu anakaa anazichora moja moja usiku ili mama wa mwingine asome. Sisi walituachia herufi za kizungu zinazotoshea kwenye kibodi yoyote ile, hatujui hiyo shida.

Basi tukawa hivi, mimi nakumbuka kwa mpangilio, yeye anasoma. Ya tatu kutoka chini inasemaje? Printa. Inayofuata? Lugha. Hapohapo Mashima, hapohapo! Dakika kumi tumefika. Nikashika mausi nirudishe Kiingereza, akanipiga kofi la mkono. Usiguse. Nikamwelezea asaimenti, akasema asaimenti yako ni yako, hii sasa ni yangu. Ikabidi nifungue akaunti mbili, yangu Kiingereza yake Kibengali, kila mtu na nywila yake. Ya kwake hakunitajia.

Kesho yake Alhamisi, siku ambayo nyumba nyingi kule wanamfanyia ibada Lokkhi, mungu wao wa neema, akataka aanze na jina hilo. Sasa hapo ndo kazi. Linatamkwa Lokkhi lakini linaandikwa la, halafu ka, sha na ma zimebanwa kuwa herufi moja, halafu i ndefu, yaani sisi tuliozoea kuandika tunachotamka tuna bahati. Nilimpangia kibodi ya Probhat ambayo k inatoa ka, nikabandika vikaratasi kwenye vitufe. Akabonyeza la. Akabonyeza ka. Akabonyeza kitufe cha hasanta, ile alama ya kugundisha herufi, kwa kidole kimoja, halafu sha, na palepale mbele ya macho yetu ka na sha zikaingiana zikawa umbo jingine kabisa, akarudisha mkono kama kaguswa na umeme. Hasanta tena, ma, nayo ikajibanza chini. Mwisho i. লক্ষ্মী. Akakaa anaiangalia. Akasema ile ma ni ndogo mno, angekua mwanafunzi wake angemwambia arudie.

Barua ya mwanae ilimchukua siku mbili, nusu ukurasa, nukta zote ni kile kimstari cha wima cha kwao. Aliniomba nitoke sebuleni wakati anaandika. Akanipa tu nimbonyezee kutuma.

Jioni simu ikalia. Kijana kaifungua ofisini, kompyuta ya ofisi XP ileile, anamuuliza mamake hizi boksi ni nini, umetuma picha imeharibika? Mimi nikaanza kumpa ishara Mashima anipe simu nimwelekeze cha kutiki, CD ipi ya kutafuta. Akanigeuzia mgongo.

"Haijaharibika," akamwambia. "Kwangu inasomeka. Njoo nyumbani uisome."

Kijana akaja Oktoba, sikukuu yao ya Puja.